Side, ile antena yako bado ipo kwa mjomba?

Side vipi mwanangu, za Tanga? Huku Mbagala tupo, mama anakusalimia sana, Mudi ndo yuleyule. Najua nimekuwa kimya, utanitukana baadae, leo nina shida.

TV hapa home imekuwa kero. Tangu mvua zianze picha inaganda, inakatika vipande vipande, sauti inakwaruza halafu king'amuzi kinakwambia hakuna mawimbi. Enzi za analojia si ulikuwa unaona chenga ila mpira unaufuata hivyohivyo, toka wazime ile mitambo hapa Dar mwisho wa 2012 ni unaona vizuri au huoni kabisa. Na mama akikosa taarifa ya habari ya saa mbili humu ndani hakukaliki.

Akaja fundi, yule wa shemeji Rama, hata juu hajapanda, eti antena yenu ya analojia hii, nunueni ya dijitali, na bei aliyotaja nikacheka. Nikamwambia fundi, antena haijui analojia wala dijitali, yenyewe inanasa mawimbi tu, mwenye kazi ya kuyachambua ni king'amuzi, ilimradi iwe ya UHF, yaani ya vijiti vifupi inayonasa masafa ya TV za dijitali. Kanuna huyo! Akatufungia busta nyuma ya TV akasepa. Sasa hapo ndo vituko, ukiingia kwenye menyu nguvu ya mawimbi imepanda mpaka juu ila ubora umelala, maana busta inakuza kila kitu, na makelele yote yaliyookotwa na waya njiani, ingekaa juu karibu na antena kidogo ningemwelewa. Nikaichomoa, nguvu ikashuka, ubora ukapanda, picha ikatulia. Rama mpaka leo anabisha.

Ila ikinyesha tu, yaleyale. Nikapanda juu ya bati, nakuta waya umeungwa kwa solotepu, maji yanaingia, shaba ya ndani imeshakuwa kijani, na hewa yetu hii ya chumvi unaijua. Waya nautupa, naweka mmoja mzima bila kiungo. Tatizo antena yenyewe, kunguru wameigeuza kituo cha daladala, vijiti vimevunjika.

Ndo nikaikumbuka yako ya kule Tabata. Naweza kuifuata? Mjomba atanielewa au umpigie wewe kwanza, si unamjua? Ile ni ya vijiti vifupi eeh, siyo vile virefu vya zamani? Na bomba lake lipo au walishauza chuma chakavu? Halafu jirani kapandisha ghorofa upande uleule antena zote za mtaa zilikoelekea, we ungerefusha bomba au ungeihamishia kona ya choo? Jibu leo basi, Jumamosi ni Simba na Yanga na mimi kwenye kibanda umiza siendi tena, jasho lile hapana. Na wewe unarudi lini, au ndo waja leo waondoka leo?