Jumamosi hii: Vilima vya makaburi ya Uskoti na wakazi wake

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi saa mbili usiku tunakutana hapahapa kwa sauti. Zamu hii tunakwenda Uskoti, kuanzia visiwa vya Orkney.

Tazameni picha za Maeshowe, kaburi la mawe lililofunikwa kwa udongo, lenye miaka karibu 5,000. Huko watu waliamini kwamba ndani ya vilima vya namna hiyo huishi hogboon, kiumbe anayelinda shamba na mifugo. Walimmwagia maziwa au pombe juu ya kilima. Akisahauliwa, au mtu akithubutu kuchimba, nyumba nzima ilipata taabu. Mwaka 1861 mtafiti wa mambo ya kale James Farrer alichimba Maeshowe, kumbe Waskandinavia walishaingia karne ya 12 na kuchora maandishi yao ukutani! Naamini hofu ile iliyaokoa makaburi mengi na majembe.

Halafu kilima cha Tomnahurich, katika mji wa Inverness: yasimuliwa kwamba wapiga fidla wawili waliingia kilimani kutumbuiza usiku mmoja, walipotoka wakakuta miaka mingi imepita. (Hicho ni kilima cha asili, si kaburi, ila hadithi yake ni ya aina moja na zile za vilima vya makaburi.) Naipenda mno. Atakayeisimulia aniandikie kabla ya Ijumaa.