Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Beki Anapoingia Kwenye Ukocha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu, chama cha mabeki wa kulipwa waliokwisha kutundika daluga na wale walio njiani kuingia kwenye ukocha. Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu kwenye jambo moja: kumwezesha beki kufundisha yale ambayo uwanjani alikuwa akiyafanya kwa mazoea, bila kulazimika kuyaeleza. Mambo ya ada na uchaguzi yako mwishoni.

Kwamba beki anaweza kuwa kocha mkubwa halina mjadala. Franz Beckenbauer alinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha mwaka 1974 na akalitwaa tena akiwa kocha mwaka 1990. Stephen Keshi alikuwa nahodha wa Nijeria iliyobeba Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994, akalirudisha nyumbani akiwa kocha mwaka 2013. Tatizo ni kwamba wanachama wachanga hulitazama kombe na kuiruka miaka iliyo katikati. Walid Regragui, beki wa kulia wa zamani wa Morocco, alianza kwa kuwa msaidizi timu ya taifa, akakaa miaka kadhaa FUS Rabat na kuipa ubingwa wa nchi mwaka 2016, kisha akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na Wydad mwaka 2022. Nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka huohuo ilikuja baada ya yote hayo. Gareth Southgate yeye alitoka uwanjani moja kwa moja hadi ukocha mkuu wa Middlesbrough mwaka 2006, hana hata leseni ya juu iliyotakiwa. Timu ilishuka daraja mwaka 2009, na mwaka huohuo akaachishwa kazi. Ni baada ya kupitia timu ya England ya vijana chini ya miaka 21 ndipo alipokabidhiwa timu ya wakubwa na kuifikisha fainali mbili mfululizo za Ulaya.

Kwa hiyo kamati inasisitiza: kozi ya kwanza ya leseni ianze ukiwa bado na misimu miwili hivi ya kucheza. Sababu ni ya kivitendo. Kila ngazi ya leseni hudai uongoze vipindi vya mazoezi mbele ya mkufunzi na uweke kumbukumbu zake. Aliye ndani ya klabu huomba kikosi cha vijana cha klabu hiyohiyo, akafundisha jioni baada ya mazoezi yake mwenyewe. Aliyekwisha kustaafu hulazimika kwanza kutafuta timu ya kufundisha, na wengi hukwama hapo.

Sasa nije kwenye vipindi vya pamoja vya mwaka huu, ambavyo ndivyo vilivyochukua muda wetu mwingi. Kosa lililojirudia kwa makocha karibu wote waliotoka beki wa kati ni kupiga kelele za "panda!" na "rudi!" kutoka pembeni mwa uwanja. Mwanzoni timu inaonekana kupangika. Lakini amri ikifika masikioni mwa mchezaji, mpira umekwisha kupigwa. Beki mzoefu hapandi kwa sababu ameambiwa. Anapanda kwa sababu ameona ishara. Ishara hizo ndizo za kufundishwa, na ni chache. Mpinzani akirudisha mpira nyuma, akigeuzia goli letu mgongo, au akiinamisha kichwa kuutafuta mpira ulio mbali na mguu wake, safu ya mabeki inapanda. Akiwa ameinua kichwa, mwili umefunguka na hakuna anayembana, safu inarudi mapema kabla mpira haujaondoka.

Zoezi lililofanya kazi vizuri ni hili. Tumia nusu ya uwanja, mabeki wanne na kipa dhidi ya washambuliaji sita. Mipira yote ianzie kwa kiungo aliye karibu na mstari wa kati. Cheza vipande vya dakika tatu, pumziko dakika moja na nusu, vipande vinne au vitano basi. Ukizidisha, miguu inachoka na mabeki wanaanza kurudi nyuma mapema ili wajihifadhi, nawe utakuwa unafundisha uchovu. Mabeki wawili wa kati wakae umbali wa mita 8 hadi 10 mpira ukiwa katikati, na mwili uwe nusu upande, mguu mmoja nyuma. Beki anayesimama kifua wazi hana budi kugeuka kwanza ndipo akimbie, na hatua hiyo moja ndiyo anayoihitaji mshambuliaji. Mtazame zaidi beki wa pembeni wa upande ulio mbali na mpira. Mara nyingi ndiye anayechelewa kupanda na kumwondoa mshambuliaji kwenye kuotea, huku lawama zikimwangukia beki wa kati. Kocha akae kimya wakati wa kipande, aulize wakati wa pumziko: "Uliona nini kabla hujarudi?" Kama mchezaji hana jibu, rudieni hali ileile.

Udhaifu wa pili, na huu ni mzito, ni kuacha theluthi ya mwisho ya uwanja ijiendeshe. Mabeki wa zamani hupanga ulinzi hadi hatua ya mwisho, kisha mashambulizi huyaachia vipaji vya wachezaji. Tunashauri msaidizi wako awe mshambuliaji au kiungo mshambuliaji wa zamani, na apewe vipindi kamili vyake, si dakika za mwisho wachezaji wakishachoka.

Kuhusu sheria, makocha wengi bado wanafundisha mchezo wa enzi zao. Kunyoosha mkono kudai kuotea kunapoteza hatua mbili, na kwenye mechi zenye VAR, yaani waamuzi wa video, mshika kibendera huchelewa kuinua bendera makusudi ili shambulizi limalizike kwanza. Beki acheze hadi filimbi. Vilevile, tangu mwaka 2019 mpira wa goli huwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea waziwazi, kwa hiyo beki anaweza kuupokea ndani ya eneo lake la penalti. Wapinzani wakae nje hadi hapo, lakini wanaanza mbio papo hapo. Pasi ya kipa ikiwa laini, au beki akaipokea kwa mguu ulio karibu na mpinzani, goli linafungwa bila shambulizi lolote la maana.

Suala la kupiga mpira kichwa naomba kila mwanachama alichukulie kwa uzito. Utafiti wa Glasgow kuhusu wachezaji wa kulipwa wa zamani wa Scotland, katika matokeo ya mwaka 2021, ulionyesha kuwa mabeki ndio walio hatarini zaidi kupata magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo, takriban mara tano ya watu wa kawaida, ilhali kwa makipa hatari haikuwa kubwa kuliko ya watu wa kawaida. Mwaka huohuo England ilitoa mwongozo kwamba mchezaji asizidishe vichwa 10 vya nguvu kwa wiki mazoezini, yaani vya mipira mirefu inayozidi mita 35, krosi, kona na mipira ya adhabu. Kamati inapendekeza wanachama wote wafuate kiwango hicho, na msaidizi mmoja ahesabu na kuandika kwa kila mchezaji. Muda wa kuruka, kusoma mpira na kutumia mikono ili kujiweka sawa hewani hufundishika vizuri kwa mpira wa kurushwa kwa mkono au mpira mwepesi.

Mwaka ujao tutaanza vipindi vya kufundisha theluthi ya mwisho, na tutawaomba washambuliaji wa zamani waviongoze. Hesabu zilizokaguliwa zitasomwa na mweka hazina. Wanachama wenye malimbikizo ya ada walipe kabla ya mkutano mkuu, kwa kuwa katiba haiwaruhusu kupiga kura. Nafasi za katibu na wajumbe wawili ziko wazi. Fomu zinapatikana kwa katibu wa sasa na zirudishwe zikiwa na sahihi za wadhamini wawili.

Mwenyekiti