Kuomba kazi bila fomu

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Wengi mnaniuliza fomu ya ile kazi ya stoo hapa Arua iko wapi. Haipo. Fomu 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Uganda ni ya kazi za serikali. Hawa waajiri wa stoo wanataka barua ya maombi na wasifu wako (CV).

Barua iwe ukurasa mmoja: anwani yako, tarehe, anwani yao, kisha kichwa kinachotaja kazi yenyewe. Tangazo ni la Kiingereza, nayo barua iwe ya Kiingereza.

Aya ya kujieleza ndiyo yenye uzito, msiipitie mbio. "Mimi ni mchapakazi" kila mtu anaandika. Sema ulichofanya: ulipokea magunia ya mahindi kwenye ushirika, ukayahesabu, ukaandika daftari la stoo mwenyewe. Hapo mwajiri anakuona kazini.

Ambatisheni nakala za vyeti na za kitambulisho cha taifa. Nakala tu, vyeti halisi vibaki nyumbani! Wadhamini nao waombwe ruhusa kabla hamjaandika namba zao.

Anayetaka nimpitie barua yake anitumie pembeni, si hapa kikundini, kabla ya Alhamisi jioni. Nitazisoma zote.