Namba za Nyuma ya Seiko ya Zamani Zinasemaje?

Mteja akiulizia kioo cha Seiko 5 aliyoachiwa na babu yake, kwanza tunamwomba picha ya mfuniko wa nyuma. Jina "Seiko 5" lipo tangu 1963 na limebandikwa kwenye saa za kila aina, kwa hiyo peke yake halitufikishi popote.

Geuza saa utaona namba mbili. Yenye kistari, mfano 6309-7040, ndiyo ya modeli: tarakimu nne za mwanzo ni mashine (mtambo wa ndani), nne za mwisho ni bodi (kasha la nje). Kioo na mpira wa kuzuia maji huagizwa kwa namba ya bodi, vipuri vya ndani kwa namba ya mashine. Wengi hutuma ile nyingine, ambayo kwa kutafutia kioo haina kazi.

Hiyo nyingine hutaja umri. Alama ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, kisha O, N na D. Ikianza na 1N, ni Novemba ya mwaka unaoishia na 1. Upi? Uliza mashine. 6309 ilianza 1976 na kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1980, basi ni 1981. Kwenye 7S26, iliyotoka 1996, 1N hiyohiyo ni 2001 au baadaye.

Ila mifuniko huhamishwa, hasa kwa saa iliyopita mikono ya mafundi wengi. Ndiyo maana hatutaji bei kabla ya kufungua: mashine yenyewe imechorwa namba yake, na chini kabisa ya uso, karibu na 6, kuna maandishi madogo yanayoanza na namba ya mashine. (Yanayofuata kistari pale ni ya uso, si lazima yalingane na bodi.) Mfuniko ukisema 7009 na ndani mkakuta 6309, saa imeungwaungwa. Itatembea vizuri tu, lakini usiilipie bei ya saa kamili.

Maandishi yakijaa uchafu, sugua taratibu kwa mswaki laini. Msasa hapana, huyala. Piga picha karibu na dirisha, saa ukiiinamisha kidogo, maana 6 iliyochakaa hufanana na 8, na kioo tukishakiagiza muuzaji hakipokei tena.