Muuza pipi naomba nijibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu yule mama aliyeandika wiki iliyopita kwamba vioski vyote vilivyo karibu na chekechea vivunjwe kwasababu ndo vinavyoozesha meno ya watoto. Mi ni mmoja wa hao wenye vioski. Changu kipo Mbagala, hatua kama 30 kutoka geti la dei kea moja, nauza mikate, sabuni za mche, viberiti, na ndio, nauza pipi, jojo, ubuyu wa rangi, juisi za boksi na ice cream za maji. Wateja wananiita Mangi ingawa mi Mmeru. Sikatai kosa mama, mengi uliyoandika ni kweli na yameniuma, ila ukivunja kioski changu kesho tatizo utalikuta palepale nyumbani kwako, na nasema hivyo kwasababu na mimi lilinikuta nyumbani.

Binti yangu wa mwisho sasa ana miaka 5. Alipokuwa na mwaka na nusu hivi mama yake alikuwa anadamka saa tisa usiku anawahi Feri kuchukua samaki, mtoto akishtuka anamkosa mama analia, na mi nimefunga duka saa nne nimechoka hoi, basi dawa ikawa chupa. Maziwa ya vuguvugu na vijiko viwili vya sukari, anaishika mwenyewe, ananyonya kidogo anasinzia, anashtuka ananyonya tena, mpaka kunakucha chuchu iko mdomoni. Nilijiona baba mjanja kweli. Kufika miaka 3 meno yake manne ya mbele juu yalikuwa yamebaki visiki vya kahawia, wenzie wakawa wanamwita kibogoyo, na mi jibu langu kila siku ni moja, si meno ya utoto hayo, yatang'oka tu.

Usiku mmoja akaamka shavu limevimba mpaka jicho linafumba na homa juu. Hospitali daktari wa meno wala hakushangaa, akaniambia nikae tutazamane magoti kwa magoti, mtoto miguu kwangu kichwa mapajani kwake, akawasha tochi akanyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, baba sogea uone. Nyuma ya vile visiki magego mawili yalikuwa na matundu, na kwenye meno ya pembeni, pale yanapokutana na ufizi, kulikuwa na mstari mweupe kama chaki. Mi nilidhani ni utando wa maziwa. Akasema hapana, huo mstari ndo mwanzo wa kuoza, hapo jino bado linaweza kurudi likipata floraidi, yale madini ya kukaza jino yanayotiwa kwenye dawa ya meno, na sukari ikipungua, likishatoboka halirudi tena. Halafu akauliza, analala na chupa?

Nikamuuliza amejuaje. Akasema ya mbele chini ni mazima kwasababu ulimi unayafunika na mate yapo hapo, ya mbele juu ndo maziwa yanapotuama usiku kucha, na usingizini mate yanapungua sana kwa hiyo hakuna wa kuyaosha. Yani aliisoma historia ya nyumba yangu kwenye mdomo wa mtoto.

Na hilo la yatang'oka tu ndo lilinitoa jasho. Mi nilikuwa najua mtoto akifika miaka 6 meno yote 20 ya utoto yanaanguka tunaanza upya. Kumbe kwenye miaka 6 au 7 yanaanza ya mbele, magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, sasa hesabu mtoto wa miaka 3 mwenye tundu kwenye gego atalitafunia chakula miaka mingapi. Tena kwenye hiyo miaka 6 kuna gego la ukubwa linaota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, unalichukulia ni la utoto unaliacha lioze, na hilo likiondoka ndo limeondoka. Vile visiki vinne viling'olewa, yale magego mawili daktari aliyakwangua kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala mlio wowote, akajaza dawa inayokauka kama saruji. Akaniambia njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980 kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, na leo inatumika nchi nyingi duniani. Nilijisikia fahari kidogo pamoja na aibu yangu.

Sasa mama, turudi kwenye pipi. Wewe umeandika watoto wanakula sukari nyingi. Mi baada ya yale yaliyonikuta nasema nyingi sio neno lake, neno lake ni kila saa. Wadudu waliopo mdomoni wakipata sukari wanatengeneza asidi, hiyo asidi inalainisha jino, halafu mate yanahitaji nusu saa au zaidi kutuliza hali. Mtoto akila pipi tatu kwa mpigo baada ya wali wa mchana jino linashambuliwa mara moja tu, ila akifyonza moja saa tatu, nyingine saa nne, juisi saa tano, mate hayapati nafasi ya kupumua. Kuna kijana mmoja wa dei kea nilimhesabia siku moja kutoka kioskini kwangu. Saa moja asubuhi kashika andazi na chai ya sukari kwenye kikombe cha mfuniko, akanunuliwa juisi ya boksi akaweka mrija, hakuimaliza, akaingia nayo. Saa nne wanatoka kucheza bado anayo. Katikati hapo kapewa pipi na rafiki, na saa saba anachukuliwa kafika kwangu tena anataka ubuyu. Hiyo juisi moja imekaa mdomoni kwa mtoto kuanzia saa moja mpaka saa nne, na mama yake akiulizwa atasema mwanangu hali sukari, namnunulia juisi ya matunda.

Na walimu msinyanyue shingo, nyie ndo wateja wangu wakubwa. Kila Jumatatu dada anatumwa kwangu na madam, pakiti mbili za pipi. Aliyemaliza kuandika a e i o u anapewa, aliyelia anapewa, aliyelala mchana bila vurugu anapewa akiamka. Ijumaa kama kuna besdei, keki, soda na mfuko wa pipi za kwenda nazo nyumbani. Nilimuuliza madam mbona msiwape stika, akacheka akasema Mangi unajifukuzia wateja mwenyewe? Sasa mzazi ukifika pale unaulizwa ada na sare, hakuna anayeuliza mtoto anakula nini mara ngapi, na wewe mzazi huulizi pia. Dei kea ikisema kitafunwa ni saa nne tu, nje ya hapo ni maji, na zawadi sio pipi, mi nitapoteza pakiti mbili kwa wiki na sitakufa njaa.

Hata kliniki. Watoto wangu wote nimewapeleka kupimwa uzito, kadi zimejaa nukta, na sijawahi kuona nesi ananyanyua mdomo wa mtoto kuangalia, kitu cha sekunde tano. Ajabu sisi hao hao enzi zile kichanga akiharisha tulikuwa tunasema ni meno ya plastiki, akapelekwa kwa mtu amchokonoe ufizi kwa spoku ya baiskeli, yani meno yasiyo na kosa tunayang'oa, yanayooza hatuyaangalii. Maana haya mambo sio ya Mbagala tu, Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye ripoti yao ya 2022 walisema watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza, na hao wote sio mimi niliowauzia.

Kuhusu dawa ya meno nina la kwangu, kwasababu meno yangu ni ya kahawia. Nimezaliwa Maji ya Chai, tumekunywa maji ya kule na makande tumepikia magadi, wanaoijua Arusha wakiniona nikicheka wanajua natoka wapi. Kuna mteja akanijia, Mangi mi mwanangu simpi dawa yenye floraidi asije akawa na meno kama yako. Nikamwambia dada yangu, mi nilikunywa floraidi kwa ndoo. Kiwango cha juu cha floraidi kwenye maji ya kunywa kwa WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na kwetu kwenye Mlima Meru kuna chemchemi zinazidi hapo zaidi ya mara kumi, na madoa yanaingia wakati meno yanajiumba bado yapo ndani ya ufizi. Mtoto wa chini ya miaka 3 anawekewa dawa kama punje moja ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kama njegere, akimeza kidogo hamna shida. Wa maeneo ya maji kama ya kwetu amuulize daktari kwanza, ila huku mjini kumnyima mtoto floraidi kwa kuogopa meno ya Mangi ni hasara. Na soma tubu, iandikwe floraidi ppm 1000 au zaidi, hiyo ppm ni kipimo cha floraidi iliyomo, mi nimepekua shelfu yangu mwenyewe nikakuta zile za watoto zenye picha na harufu ya stroberi nyingine floraidi hamna kabisa.

Kupiga mswaki usimwachie mtoto. Mi nilikuwa nasema kapige mswaki, anaingia bafuni anatafuna mswaki dakika moja anatoka. Daktari alisema mpaka afike miaka 7 au 8 mkubwa ndo apige, na ule wa usiku kabla ya kulala ndo usikosekane, akitema asisukutue, ile dawa ibaki. Sasa hivi namlaza mapajani, tochi ya simu, nanyanyua mdomo. Wiki ya kwanza alilia kama nachinja mbuzi, sasa anakuja mwenyewe na simu. Chupa tuliiua kwa kupunguza sukari kidogo kidogo kisha maziwa tukayaongeza maji mpaka yakabaki maji matupu, kama siku kumi hivi, hizo siku kumi sikulala.

Kioskini nimeshusha pipi na jojo kutoka kwenye kaunta nimeziweka nyuma, mtoto hazioni mpaka mtu mzima aulize. Mbele nimeweka ndizi za shilingi 200, karanga za kuchemsha, na mayai ya kuchemsha ya shilingi 500 na chumvi kwenye karatasi. Siku za mwanzo nilikula mayai mwenyewe, sita kwa siku. Sasa hivi nachemsha trei nzima saa kumi na mbili asubuhi, mama kama unapita huku wahi, saa moja na nusu unakuta yameisha.

Ni mimi Mangi wa kioski,
Mbagala, Dar es Salaam