Mhariri, kuchangia damu si tiba ya mchangiaji

Ndugu Mhariri, nipe nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala yenu ya faida za kuchangia damu. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na furaha maana mwenyewe ni mama ninayechangia huu mwaka wa kumi na kitu, mara ya pili nikaanza kukuna kichwa. Mwandishi kasema ukichangia mara kwa mara unajikinga na ugonjwa wa moyo, na saratani, unapungua uzito, unatoa damu chafu na unabaki kijana. Yaani alibakisha kusema inaleta na mvua.

Nianze na hiyo damu chafu maana ndo inanikera zaidi. Damu inayotoka kwenye mshipa wa mkono ni ileile inayozunguka mwili mzima, hakuna stoo ya uchafu mahali fulani eti sindano inaenda kuichota. Kusafisha damu ni kazi ya figo na ini, wanaifanya usiku na mchana wala hawakusubiri wewe upande kitanda. Na jamani, kama ingekuwa chafu si anaenda kuwekewa mgonjwa? Tunampa taka zetu?

Hapo niwe mkweli, kuna utafiti mmoja unaokaribia karibia maneno ya mwandishi. Mwaka 2022 Australia walitoa matokeo ya wazima moto 285 ambao damu zao zilikuwa na zile kemikali za kwenye povu la kuzimia moto, wengine wakachangia plazma, yaani ule umajimaji wa damu bila seli, kila wiki 6, wengine damu kila wiki 12, wengine hawakutoa kitu, na baada ya mwaka, kwa waliotoa kemikali hizo zilishuka, kwa wasiotoa zikabaki palepale. Sawa. Lakini kushuka kwa kemikali ni jambo moja, kuwa na afya bora ni jambo lingine na hilo utafiti ule haukulithibitisha.

Sasa moyo. Hili wazo lina mwenyewe, daktari wa Marekani anaitwa Jerome Sullivan, mwaka 1981 aliandika kwenye jarida la Lancet akiuliza kwa nini wanawake ambao bado wanaona siku zao hawapati sana mshtuko wa moyo kama wanaume, akasema labda ni kwa sababu kila mwezi wanapoteza madini ya chuma. Wazo zuri tu, na Finland walipowafuatilia wanaume wakakuta wachangiaji wanapata mshtuko wa moyo kwa nadra kuliko wengine, basi watu wakashangilia. Ila jiulize mchangiaji ni nani. Ni mtu aliyejazishwa fomu akaulizwa magonjwa yote, akapimwa uzito, presha, wingi wa damu, akionekana na kasoro anarudishwa nyumbani. Ni kama uchague wanafunzi waliofaulu tu uwapeleke shule moja halafu utangaze kwamba shule ile inafaulisha. Kuja kupima kisawasawa, Marekani walichukua wagonjwa 1,277 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, wakawagawa kwa bahati nasibu, hawa wanapunguzwa damu kila miezi 6 na hawa hawapunguzwi, matokeo yakatoka 2007 na kwa ujumla vifo havikuwa na tofauti ya maana. Mwandishi wenu hili hakuligusa.

Wapo ambao kwao kutolewa damu ni dawa kweli, wale ambao miili yao inalimbikiza chuma kupita kiasi na wale wenye seli nyekundu nyingi mpaka damu inakuwa nzito. Hao ni wagonjwa, wana daktari wao, wala tusichanganye na mimi na wewe.

Mtu asinielewe vibaya, kwa mtu mzima mwenye afya kuchangia ni salama, nasema hivyo bila wasiwasi. Unatoa kama mililita 450 kwenye lita 5 hivi ulizonazo, ule umajimaji unarudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa maji, figo zinashtuka kwamba oksijeni imepungua kidogo zinatuma homoni kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, uboho unatengeneza seli nyekundu mpya na ndani ya wiki 4 mpaka 6 mambo yamerudi. Na ile habari kwamba ukishaanza kuchangia huwezi kuacha kwa sababu damu itajaa sana ni uongo mtupu. Seli nyekundu inaishi kama siku 120 inakufa, mwili unajua wenyewe utengeneze ngapi, ukiacha kuchangia hakuna kinachofurika.

Kinachochelewa kurudi ni chuma, na hapa ndo ugomvi wangu na makala yenu ulipo maana neno chuma halikutajwa hata mara moja. Kila mfuko wa damu unaondoka na miligramu 200 mpaka 250 za chuma. Chakula cha siku nzima mwili unafyonza miligramu 1 au 2 tu, na nyingi kati ya hizo ni za kufidia unachopoteza kila siku hata bila kuchangia, sasa piga hesabu mwenyewe itachukua muda gani. Marekani mwaka 2015 walionesha hivyo, wachangiaji ambao hawakupewa vidonge vya chuma theluthi mbili yao akiba ilikuwa haijarudi hata baada ya siku 168. Na huko huko sheria inaruhusu urudi kuchangia baada ya siku 56!

Mimi yalinikuta. Nilikuwa nachangia kila miezi mitatu bila kukosa, najisifia kabisa, kila nikitobolewa kidole naambiwa umepita dada, panda kitandani. Halafu nikaanza kuchoka, ngazi za kawaida tu nahema, usiku miguu haitulii kitandani naichezesha tu mpaka aliye pembeni analalamika, na kitu cha ajabu nikawa napenda kutafuna barafu, yaani barafu tupu, bakuli zima. Sikuunganisha na damu hata siku moja. Mpaka siku moja nesi ananipima ananiambia leo huchangii, wingi wa damu yako uko chini ya 12.5 inayotakiwa. Nikaenda kupima feritini, hiyo ndo inaonesha akiba ya chuma, ikaja 9, yaani chini sana. Kile kipimo cha kidole kinaangalia hela iliyopo mfukoni, akiba ya benki inaweza kuisha zamani na mfukoni bado unaonekana mzima. Vidonge nikameza miezi (choo kilikuwa kigumu, tuishie hapo), hamu ya barafu ikaisha kabla hata uchovu haujaisha.

Na siyo mimi peke yangu. Uingereza waliwafuatilia wachangiaji kama 45,000, wanaume wakarudi kila wiki 8, 10 au 12, wanawake kila wiki 12, 14 au 16. Majibu ya 2017 yalionesha waliorudi haraka walitoa damu nyingi zaidi, ila akiba yao ya chuma ilishuka na wengi zaidi walirudishwa kwa upungufu wa damu, na malalamiko ya uchovu na kizunguzungu na miguu isiyotulia yaliongezeka. Ubora wa maisha kwa ujumla haukubadilika, niseme na hilo pia nisije nikaonekana natisha watu. Kawaida yao kule ni wiki 12 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke, na mimi naona wana akili.

Unaweza kuuliza ubaya uko wapi mtu akichangia kwa kudanganywa kidogo, si damu inapatikana? Ubaya ni kwamba aliyeambiwa inatibu presha anaweza kuacha vidonge vyake. Anayetaka kujisafisha huenda ni mgonjwa, na mgonjwa ndiye wa mwisho tunayemtaka pale, tena kwenye fomu ataficha ili asirudishwe. Vilevile wanaokwenda kuchangia ili wapate majibu ya bure ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini, maambukizi ya siku chache vipimo vinaweza visiyaone, kapime sehemu ya kupima.

Siombi makala ifutwe Mhariri, naomba mwandishi arudi aandike na upande wa chuma, awaambie hasa wanawake na vijana wanaochangia mara nyingi waombe kupimwa feritini, chai na kahawa wazisogeze mbali na chakula, na kabla ya kupanda kitandani wanywe nusu lita ya maji maana vijana na wanaochangia mara ya kwanza ndo wanaozimia zaidi. Mimi sasa hivi nachangia mara mbili kwa mwaka, na nikiulizwa mbona nimepunguza nawaeleza stori ya barafu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.