Rudisheni jina la mmiliki wa zamani kwenye lebo ya sarafu yangu

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kuthibitisha na Kupanga Madaraja ya Sarafu,
Kupitia: Wakala wenu, Dar es Salaam.

YAH: KUONDOLEWA KWA JINA KWENYE LEBO YA SARAFU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nilimkabidhi wakala wenu sarafu yangu ya dhahabu ya rupia 15, ile ya Tabora ya mwaka 1916, ihamishiwe kwenye kasha jipya la plastiki, lile mnalofungia sarafu pamoja na lebo ya daraja lake, kwa kuwa la zamani lilikuwa na ufa. Sikuomba ipimwe upya. Imerudi salama na daraja ni lilelile, ila lebo imepungukiwa na mstari mmoja: jina la mkusanyaji aliyekuwa nayo kabla yangu, ambalo ninyi wenyewe mliliandika, halipo tena. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa siku hizi jina huwekwa tu mkusanyo ukiletwa mzima, au kampuni ya mnada ikiomba.

Jibu hilo silikubali hata kidogo. Sarafu hizi zilitengenezwa katika karakana ya reli Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ambapo meli za Waingereza zimewafungia Wajerumani njia ya bahari. Zilitoka 16,198 tu, na bandia zake ni nyingi. Yule tembo aliyeinua mkonga kwenye sarafu hiyo anaigwa hadi leo. Ndiyo maana mnunuzi makini haishii kuuliza kama sarafu ni halisi, huuliza pia imetoka kwa nani. Yangu inaonekana katika picha ya katalogi ya mnada wa zamani: ina mkwaruzo mfupi chini ya mguu wa mbele wa tembo, na alama ndogo ukingoni. Lakini katalogi ile haina namba yenu ya cheti. Ina jina la mtu. Mkilifuta jina, atakayeinunua baada yangu ataanzia wapi kutafuta?

Kwa sarafu za wakusanyaji maarufu jambo hili linaheshimiwa. Lebo zenye jina la Louis Eliasberg, mkusanyaji maarufu wa Marekani, zinagombewa minadani, na sarafu za Mfalme Farouk wa Misri, zilizouzwa Cairo mwaka 1954, bado zinatajwa kwa jina lake. Mzee aliyeitunza yangu hakuwa mfalme, lakini alikusanya sarafu za Afrika Mashariki wakati wengi wakiziyeyusha kutengeneza vito. Kumfuta ni kumdhulumu, na kunaniuma.

Natambua wapo wasiotaka majina yao yajulikane, kwa usalama wao, na hao wasilazimishwe. Huyu ameshafariki, na familia yake imeridhia kwa maandishi. Nimeambatisha barua yao, picha ya lebo ya zamani, ukurasa wa katalogi na risiti ya ununuzi.

Naomba mtengeneze lebo nyingine yenye jina hilo, na jina liingizwe pia kwenye kumbukumbu za cheti mtandaoni. Gharama za kusafirisha sarafu kwenda na kurudi, pamoja na bima, ziwe zenu. Lebo ya zamani kama bado mnayo, nirudishieni. Na kuanzia sasa, kabla ya kuondoa jina lolote kwenye lebo, mwulizeni kwanza mwenye sarafu.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 30.

Wenu,
Mteja